Namba ya Stoo Usiifute

Kompyuta ya zamani ikiingia kwangu siiwashi, naipindua kwanza. Chini ndio kuna habari. Kuna kibandiko cha fundi aliyewahi kuifungua kabla yangu, kuna bei imeandikwa na markapeni ikakatwa ikaandikwa ingine, na kama ilikuwa ya ofisi basi kuna ile namba ya stoo imepakwa na rangi nyeupe ama na ile wino ya kufutia makosa ya taipu, mkono wa karani fulani aliyetumwa kuhesabu viti na meza na mafeni, akafika kwa kompyuta, akaandika namba, akaenda zake. Hiyo namba mimi sifuti. Nimeshabishana na watu juu ya hii maneno, kuna jamaa tunajuana naye kwa hii hobi anasema kazi yetu ni kurudisha mashine vile ilivyokuwa siku ilitoka kiwandani, na ukimletea moja iko na kibandiko atakitoa na petroli kabla hujamaliza kusalimia, kava inang'aa, anapiga picha. Sawa, ni mali yake. Lakini viwanda vilitoa hizo mashine kwa mamilioni, na zile zilizobaki safi ziko Uingereza na Marekani kwa makabati ya watu, zimepigwa picha kila upande, michoro ya saketi iko kwa intaneti mpaka rezista ya mwisho. Kitu haiko kwa intaneti ni vile zilitumika hapa. Na hiyo ukiitafuta utaipata kwa kibandiko, ama kwa diski.

Mwingereza wa rika langu akinunua ZX Spectrum, ile kompyuta ndogo ya nyumbani ya kwao, ananunua utoto wake. Mimi utoto wangu ulikuwa na Great Wall, ile televisheni ndogo isiyo na rangi ambayo nusu ya ploti inaingia kuangalia, na betri ya gari ikiisha nguvu katikati ya sinema basi kila mtu anaenda kwao. Kompyuta nilikutana nayo nikiwa nimemaliza fomu foo, kwa zile koleji za ghorofani za Tom Mboya Street hapa Nairobi, unapanda ngazi, unafika mlangoni unavua viatu, unaingia na soksi (na ole wako kama soksi iko na shimo). Viatu vilivuliwa kwa sababu ya vumbi, ati vumbi inaua kompyuta, na kuna ukweli kidogo hapo, lakini mimi naona ilikuwa zaidi ni heshima, maana printa nayo ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kushonwa na mikono. Tulikuwa tunasoma pakeji, yaani programu. MS-DOS, WordPerfect, Lotus 1-2-3, dBase, watu watatu kwa kibodi moja, mmoja anapiga, wawili wanamwambia amekosea, na mwisho unapewa cheti chenye muhuri unaenda nacho kutafuta kazi. Sasa mtu aniambie nikumbuke Commodore 64 gani.

Ndio maana mimi hizi vitu sikusanyi kwa kukumbuka. Nakusanya kwa kuuliza, hii ilifikaje hapa?

Na majibu ni matamu. Kuna zilizokuja na wanafunzi waliorudi kutoka masomoni ng'ambo miaka ya 80, sanduku moja nguo, sanduku moja kompyuta. Kuna za familia za Kihindi za Parklands na Ngara ambazo zilikuwa na ndugu London. Kuna za wamisheni, kuna za miradi ya wafadhili ambayo iliisha mzungu akarudi kwao akaacha gari na kompyuta, gari likagombaniwa na kompyuta ikawekwa stoo. Kuna za wahasibu. Mhasibu hatupi kitu. Baadaye sasa, kuanzia miaka ya 2000, zikaanza kuja za mitumba kwa makontena, na shirika kama Computer for Schools Kenya lililoanza 2002 likapeleka nyingi mashuleni, lakini hizo ni za kizazi kingine, Pentium kwenda juu, na mimi moyo wangu uko kwa zile za kabla.

Kuzipata ni kushindana na watu wa skrapu. Wao wananunua mazabodi, zile bodi kubwa za ndani ya kompyuta, kwa kilo, na zile prosesa za zamani zenye mwili wa kauri wanazijua kuliko mimi kwa sababu ziko na dhahabu kwa miguu, kwa hivyo 486, ile ya kabla ya Pentium, ikifika kwao haikai, inavunjwa jioni hiyo hiyo. Nimejifunza kupitia mapema, kusalimia, kununua chai, kuacha namba ya simu. Wananiita Museum. "Museum, kuna kitu yako hapa," na nikifika napata ni dekoda ya juzi. 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya skrapu kutoka Januari mpaka Mei, kwa sababu watu walikuwa wanabomoa milingoti ya stima na reli, biashara yao ilisimama na mimi nikasimama nayo, hakuna kitu ilikuwa inatoka nyumbani kwa mtu. Hapo ndio nilijua hii hobi yangu ya kifahari imeshikiliwa na mkokoteni.

Ukianza na hii kazi anza na Spectrum, maana ndio rahisi kuelewa. Ilitoka Uingereza Aprili 1982, pauni 125 ile ya kilobaiti 16 na pauni 175 ile ya 48, prosesa yake Z80 ya megahezi 3.5, vitufe vya mpira. Clive Sinclair, mwenye kampuni iliyoitoa, alikuwa anataka bei ishuke kwa njia yoyote, na njia moja aliyotumia ni hii: zile kilobaiti 32 za juu za memori, alinunua chipu za kilobiti 64 ambazo nusu moja imeshindwa kufanya kazi tangu kiwandani, zile wenyewe wangetupa, wakaunganisha bodi itumie ile nusu nzima peke yake. Kuna hata waya ndogo kwa bodi ya kuchagua nusu gani ndio nzima. Nilimwelezea hiyo stori fundi wangu wa Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki mjini, akacheka mpaka akaweka solda chini. "Boss, kwa hivyo hii ilikuwa mtumba ikiwa mpya!"

Huyo fundi lazima nimzungumzie. Yuko kwa banda ndogo upana wa mlango, mbele anauza rimoti na chaja, nyuma ana makopo ya Blue Band yamejaa transista, kila kopo na aina yake, na hajaandika kitu kwa kopo lolote, anajua tu. Yeye ameanza kazi kwa redio kaseti na televisheni kabla simu hazijaja, na hiyo elimu ndio hizi kompyuta zinataka. Kijana wa simu ako na darubini na hewa moto na atakubadilishia chipu ndogo kuliko punje ya wimbi, lakini ukimuuliza hii koili inafanya nini hapa hana habari. Mzee anaiangalia anasema hiyo inatengeneza volti za upande wa chini. Na ni kweli, kwa sababu chipu nane za memori ya chini za Spectrum, aina ya 4116, zinataka volti tatu tofauti, 12, 5 na 5 ya hasi, na hiyo ya hasi inatengenezwa na koili na transista moja ndogo ambayo ikichoka na umri volti inapotea na chipu zinaanza kuungua moja baada ya ingine. Ukiwasha badala ya kuona ile skrini nyeupe na maandishi ya Sinclair Research chini, unaona mistari na viboksi vya rangi. Watu wengi hapo wanakimbilia kubadilisha chipu. Pima volti kwanza. Ukiweka chipu mpya na hiyo hasi haipo, umeupa moto kuni ingine.

Kitu ingine ya kupima ni adapta. Spectrum inataka volti 9 na hasi iko katikati ya pini, na karibu kila adapta unaouziwa mtaani siku hizi uko na chanya katikati. Ni tofauti ya nyaya mbili tu lakini mashine haijui utani. Ile regyuleta ya ndani, ya kushusha volti mpaka 5, ni 7805, na hiyo ndio raha ya Nairobi, 7805 unaipata Luthuli duka la kwanza utakaloingia, haujamaliza kutamka ishawekwa kwa meza.

Halafu televisheni. Spectrum haina monita, inatoa picha kwa waya wa antena, kwa chaneli 36 ya UHF, na watu wa kisasa wanatoboa hiyo sehemu wanatoa waya wa picha moja kwa moja, ni kazi rahisi na picha inakuwa safi zaidi. Mimi kwa moja nimeacha vile ilivyo. Sababu ni KTN, ile stesheni ya televisheni. KTN ilipoanza 1990 ilikuwa chaneli 62, hiyo ni UHF, na watu wa Nairobi wenye televisheni zisizoshika UHF walibaki na KBC yao ya serikali wakisikia tu majirani wakiongea juu ya vipindi. Kwa hivyo tangu hapo kila televisheni iliyonunuliwa hii mji ilikuwa lazima ishike UHF, na mapema 2015 mitambo ya analogi ilipozimwa zile TV za mgongo mkubwa zikawa hazina maana, zikatolewa sebuleni zikawa stuli za kuwekea jiko la gesi. Nikachukua moja. Nazungusha ile kifundo polepole, mchanga mchanga mchanga, halafu pap, inaingia. Hiyo raha siwezi nikaielezea mtu aliyezaliwa na HDMI.

Programu zilikuwa kwa kaseti za muziki, zile zile. Leo unachukua simu, unaweka faili ya sauti, waya kutoka tundu la spika mpaka tundu la EAR, sauti juu kabisa, na gemu ya kilobaiti 48 inachukua kama dakika tano kuingia huku skrini ikicheza mistari pembeni na ile kelele yake. Weka simu kwa hali ya ndege, meseji ikiingia katikati na mlio wake unaanza upya. Watoto wa dada yangu huwa wananiuliza mbona inachukua muda na gemu yenyewe ni kinyonga kinaruka. Nawaambia wakae.

BBC Micro ni habari ingine kabisa, hiyo ni gari la chuma. Kampuni ya Acorn waliitoa Disemba 1981 kwa mradi wa BBC wa kufundisha Waingereza kompyuta, na nyuma yake iko na matundu ya kila aina, unaweza kuunga taa, mota, kipima joto, chochote. Yangu ilitoka shule moja, mgongoni imeandikwa LABU 7 na mtu mwenye mwandiko mzuri sana, na chini ya kibodi nilipoifungua nilipata vumbi ya chaki. Chaki! Maana yake ilikaa karibu na ubao, labda mwalimu alikuwa anaandika BASIC ukutani na mwanafunzi mmoja anapiga kwa niaba ya darasa lote. Hiyo chaki niliitoa, siwezi kudanganya, lakini niliipiga picha kwanza.

Mashine zozote za umri huu zenye pawasaplai ndani usiziwashe kabla hujaifungua. Kuna kapasita fulani ya karatasi, gamba lake rangi ya asali, iko pale stima inapoingia, kazi yake ni kuzuia kelele za stima zisitoke nje. Miaka ikipita hilo gamba linapata nyufa, karatasi inavuta unyevu, na siku unaunga stima ya volti 240 unapata dakika kadhaa za furaha halafu mlipuko mdogo na moshi mzito unaonuka mpaka jirani wa juu anapiga simu kuuliza kama ni gesi. Kompyuta yenyewe kawaida haiumii. Unaweka mpya, ya daraja la X2, volti 275, basi. Na kwa sababu hii ni Nairobi na stima yetu tunaijua, mashine zangu zote zinapita kwa frijigadi, ile ya kawaida ya friji, inasubiri stima itulie ikirudi kabla iruhusu ipite. Hakuna kifaa cha bei hiyo kimeokoa historia kama hicho.

Kabla nitoke kwa BBC. Wale wale watu wa Acorn, Sophie Wilson aliyeandika BASIC yake na Steve Furber, baada ya hiyo mashine waliamua kutengeneza prosesa yao wenyewe, na ya kwanza ikawashwa tarehe 26 Aprili 1985. Waliiita ARM. Ukisimama leo kwa foleni ya M-Pesa mahali popote hii nchi, karibu kila simu iko kwa hiyo foleni, kuanzia kabambe mpaka ya laki mbili, ndani iko na kizazi cha hiyo prosesa. Namwambia kila mtu anayeniuliza LABU 7 ina faida gani.

Za 386 na 486 adui ni betri. Kuna kapipa kadogo ka volti 3.6 kamechomelewa kwa bodi ka kuweka saa, na kenyewe kakizeeka kanatema maji ya kijani yanayokula njia za shaba na yanatembea chini ya rangi usikoona. Ikiingia kwangu betri inatoka siku hiyo, iwe imevuja iwe haijavuja. Halafu siki kidogo kwa mswaki, ile siki ya kawaida ya saladi, kwa sababu hayo maji ni alkali na siki inayatuliza, halafu maji safi, halafu spiriti ya duka la dawa, halafu juani. Mashine zilizokaa Mombasa ni mbaya zaidi, chumvi ya hewa inafika mpaka kwa miguu ya chipu, nimeona bodi ya Pwani ambayo betri haikuvuja na bado skrubu zilikatika kichwa zikibaki ndani. Nairobi hewa yetu ni kavu. Hatujui bahati tuliyo nayo.

Na jua pia. Hii ya jua inanipa shida ya dhamira. Plastiki ya zamani inageuka manjano, na kuna njia watu waligundua kama 2008 hivi, unapaka peroksaidi na kuiacha kwa mwanga wa jua na rangi inarudi. Ulaya watu wananunua taa za bei ya kompyuta yenyewe, wanajenga maboksi yenye foili. Mimi napanda rufutopu. Tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari na karibu na ikweta, jua la Januari hapa linafanya kazi ya siku nzima kabla ya chakula cha mchana, na peroksaidi ya asilimia 12 inauzwa Dubois Road kwa maduka ya saluni, chupa kubwa, yule dada anakuuliza kama ni ya kupaka blichi nywele za mke na ukimwambia ni ya kupaka kompyuta anaita wenzake waje wasikie. Unavaa glavu, unapaka, unafunika na ile plastiki ya chakula, unageuza kila saa ili isitoke madoa. Julai usijaribu, kuna mawingu na baridi, utakesha na ndoo.

Sasa swali ni kama ufanye. Kwanza manjano hurudi kwa mashine zingine hata ukiziweka gizani, hiyo imeonekana na watu wengi. Pili kuna manjano inasema kitu. Nina kibodi moja ambayo upande mmoja ni manjano na upande mwingine ni nyeupe, mstari umekatika wima kabisa, maana yake miaka yote hiyo ilikaa dirishani na faili fulani nene ilikuwa imewekwa juu yake hapo hapo. Nikiipaka dawa inakuwa kibodi. Nikiiacha ni ofisi. Kwa hivyo msimamo wangu ni kama wa kinyozi, sehemu ingine napunguza, sehemu ingine siguzi, na mteja akilalamika anaweza enda kwingine.

Lakini kava ni kava. Hazina iko kwa diski, na hapo ndipo sielewani kabisa na wenzangu. Mtu atakesha wiki akitafuta vitufe vya rangi sawa, na boksi la flopi lililokuja na mashine ametupa, ati ni karatasi za watu. Flopi ni sumaku kwa plastiki, inaliwa na ukungu, na kila masika inapita zinapungua. Gemu za Spectrum zimeshahifadhiwa mara elfu. Barua ya mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji fulani ya 1988 haijahifadhiwa mahali popote.

Mfano ninao. Kazini kuna mwenzangu, mama yake anakaa Buruburu, na chini ya kitanda cha wageni kulikuwa na Amstrad PCW 8256. Hii ni mashine ilitoka 1985, kompyuta na monita ni kitu kimoja, skrini ya kijani, printa yake kando, kilobaiti 256, na iliuzwa Uingereza pauni 399 kabla ya kodi wakati kompyuta za biashara zilikuwa mara nyingi zaidi ya hapo. Waandishi na makarani waliipenda vibaya. Marehemu mzee wa hiyo nyumba aliletewa na mdogo wake aliyekuwa akisoma huko. Mama aliifunga na kanga, kanga mbili, na printa ya tatu. Na kwa ubavu wa monita kulikuwa na karatasi imebandikwa na selotepu, taipu ya printa yenyewe: USIZIME KABLA MZEE HAJARUDI. Ukijua hiyo mashine unaelewa mara moja. Haina diski ya ndani ya kuwekea kazi (hard disk), unachoandika kiko kwa memori tu mpaka ukihifadhi, na mtoto akizima ili achomeke pasi, hotuba imekwenda. Hiyo karatasi iko pale pale mpaka leo.

Shida yake ilikuwa diski. PCW inatumia zile za inchi 3, sio tatu na nusu, tatu kamili, zenye gamba gumu, karibu hakuna mtu mwingine alizitumia. Na draivu inazungushwa na mkanda wa mpira ambao baada ya miaka 30 unakuwa uji mweusi. Nikapeleka draivu Luthuli, mzee wa makopo akapima na kidole, akasema huu ni mkanda wa redio kaseti, akatoa kifungu cha mikanda kutoka kwa msumari ukutani, wa pili ukaingia. Bila diski ya kuanzishia mashine haifanyi lolote, skrini ya kijani tupu, lakini ya LocoScript, programu yake ya kuandikia, ilikuwa kwa boksi na ilikuwa na ukungu kidogo tu. Nikasafisha na spiriti, nikasafisha kichwa cha draivu kila diski moja ikitoka, na kabla ya kusoma chochote nikazinakili zote kwa kompyuta ya sasa kwa kifaa kinaitwa Greaseweazle, bodi ndogo ya saketi inayosoma sumaku yenyewe bila kujali ni diski ya mashine gani.

Hapo nikasimama. Diski za mtu ni diski za mtu. Nina hard disk za 486 za koleji zimejaa sivii za watu wasionijua, tarehe za kuzaliwa, namba za vitambulisho, na hizo hazitaenda kwa intaneti nikiwa hai. Nikampigia mama simu nikamwambia zimefunguka, sijasoma, nangoja yeye. Akanyamaza kidogo akauliza, "Na ya benki iko?" Nikamwambia sijui, Mama, ndio maana nimekupigia. Akasema nije Jumamosi na chapati zitakuwepo.

Tukasoma pamoja, yeye kwa kochi, mimi kwa meza, mashine yenyewe ikinguruma, maana alitaka kuiona kwa ile ile. Mzee alikuwa katibu wa harambee ya mradi wa maji kwao. Kulikuwa na barua kwa chifu, kwa D.O. mkubwa wake, kwa askofu, zote zinaanza kwa heshima na taadhima na zinaisha na "wako mtiifu katika ujenzi wa taifa". Kulikuwa na ratiba ya siku yenyewe, mgeni wa heshima atafika saa nne, na chini yake kwa ratiba ya pili, mgeni wa heshima atafika saa nane. Mama alicheka hapo, akasema alifika saa kumi. Kulikuwa na bei ya paipu kwa futi, simiti, mchanga, posho ya dereva. Mtu akitaka kujua vile harambee ilikuwa inaendeshwa kijijini miaka hiyo, senti kwa senti, iko kwa plastiki ya inchi 3 ambayo karibu ingeenda jaa la taka la Dandora.

Faili ya mwisho ilikuwa inaitwa AHADI. Orodha ya majina, kiasi mtu ameahidi, kiasi amelipa, na safu ya nne mzee alikuwa ameandika maoni yake. "Amesema mwisho wa mwezi." "Ameleta mbuzi." "Hapatikani." Mama akaomba nisogeze kiti karibu, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti kutoka juu, jina kwa jina, huyu alikufa, huyu alihamia Kitale, huyu ndiye baba ya mbunge. Akafika kwa mmoja, shilingi mia tano, amelipa sufuri, hapatikani. Akavua miwani.

"Kumbe!" akasema. "Huyu tunaimba naye kwaya."

Akaniuliza kama ile printa bado inapiga. Riboni yake ya wino ilikuwa imekauka, nikaitia wino wa muhuri kutoka kwa wale vijana wa kutengeneza mihuri mjini, nikaizungusha na mkono mpaka ikalowa sawasawa, Jumamosi iliyofuata ikapiga, polepole, na kelele ya kuamsha ploti. Ukurasa mzima wa ahadi, na mama akaukunja mara mbili akauweka kwa mkoba wa kanisa.

"Nipigie na ingine," akasema. "Hii nitamwachia."